Mavyaa anasema pacha hawatenganishwi, nami chumba hakitoshi

Assalaam aleikum Bi Mshauri,

Nakuandikia nikiwa kitandani, mmoja ananyonya, mwengine nimemlaza mapajani, na simu naiandika kwa kidole gumba kimoja. Ukikuta makosa niwie radhi.

Nimejifungua mapacha, mvulana na msichana, kwa upasuaji, mimba ikiwa na wiki 36. Kijana alizaliwa na kilo 2.4, binti kilo 1.9, na huyu binti ilibidi awekwe kwanza wodi ya watoto wachanga kabla hatujaruhusiwa kutoka. Sasa wana wiki tatu na alhamdulillahi wote wananyonya vizuri.

Tunakaa Langoni hapa Lamu, nyumba ya wakwe zangu, moja ya zile za mawe za zamani. Chumba chetu kiko orofani, na wewe unavijua vyumba vya nyumba hizi, virefu lakini vyembamba. Mavyaa analala chumba cha pili, ng'ambo ya pazia. Nimekipima chetu: upana sentimita 260, urefu mita 4 na kidogo. Ndani mna kitanda cha tano kwa sita tulichokiegemeza ukutani kati, kabati la milango mitatu pembeni, sanduku langu la harusi na kiti kimoja. Dirisha ni moja tena dogo, na kaskazi hii joto lake halisemeki.

Mpaka juzi tulikuwa tukilala sote wanne kitandani. Watoto katikati, mimi huku, baba watoto kule. Yeye ni mvuvi, na siku za kutoka hurudi alfajiri akiwa hoi. Akishalala hata mtoto amlilie sikioni hasikii. Anavuta sigara pia, ila si ndani, huvutia barazani. Usiku mmoja nikashtuka nikakuta mkono wake umemlalia binti kifuani. Hakudhurika, lakini tangu siku hiyo mimi kitandani hapanikai. Nikishawanyonyesha saa tisa ya usiku nakwenda nao kochini sebuleni, nawapakata wote wawili mpaka adhana ya alfajiri.

Kila mtu ana lake. Dadangu wa Mombasa amejitolea kuninunulia kitanda cha mtoto cha fito, sentimita 120 kwa 60. Hicho kimoja tu nikikiingiza sijui nitapita wapi, seuze viwili. Wifi yangu ameniletea kile cha neti cha kukunja, chenye kigodoro laini na kimto, anasema watalala humo wote. Jirani anasema tufunge susu, kile kitanda cha kuning'inia, kwenye boriti, watoto wake wote walilala kwenye susu. Na mavyaa amesema neno lake: pacha walikuwa pamoja tumboni, ukiwatenga mmoja atanyong'onyea. Kama nafasi hakuna basi yeye atalala na kijana, kwa kuwa huyo ndiye mwenye nguvu. Tena anataka walale kifudifudi, maana binti alilazwa hivyo hospitali tukaona kwa macho yetu, na ati akilala chali atapaliwa na maziwa.

Mume wangu anasema nimuachie mamake aamue. Bi Mshauri, huyu mama ameniogesha, amenikanda, amenipikia tangu siku niliyorudi. Sitaki kumvunjia heshima. Lakini naogopa. Nifanyeje?

Mama Pacha, Langoni


Waaleikumu salaam, mwanangu. Hongera kwa watoto wawili, na pole na mshono. Nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, maana ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote: kochi.

Uliogopa mkono wa mumeo ukaondoka kitandani, na nakuelewa. Lakini kochi ndipo mahali pabaya kuliko pote pa mama kupitiwa na usingizi akiwa na mtoto mchanga. Lina mteremko, na lina mfereji pale mto unapokutana na egemeo. Mkono ukilegea kidogo mtoto huteleza, uso ukaingia humo, naye shingo ya kujinasua hana. Wewe unao wawili, umepasuliwa juzi, na hulali. Basi kuanzia usiku wa leo, ukinyonyesha ukahisi macho mazito, afadhali uwe kitandani, mito na mashuka yakiwa yameondolewa, kuliko kuwa kochini. Sisemi kitanda ni salama. Nasema kochi limezidi kwa ubaya. Na ukizinduka, hata kama ulisinzia dakika mbili, mrudishe mtoto mahali pake papo hapo.

Sasa hicho kitanda. Najua wako wasomaji watakaosema sisi sote tulilala na mama zetu na tukakua. Kweli, mimi mwenyewe nililala na mamangu mpaka nikampisha mdogo wangu. Lakini watoto hawalingani kwa hatari. Anayehofiwa zaidi akilala na wazazi ni yule aliyezaliwa kabla ya wiki 37, aliyezaliwa chini ya kilo 2.5, aliye chini ya miezi minne, anayelala na mtu mvutaji sigara hata kama havutii chumbani, na anayelala na mtu aliyechoka kupita kiasi au aliyetumia kitu cha kumlevya usingizi. Isome tena orodha hiyo, mwanangu, kisha uwatazame wanao. Hakuna kilichobaki isipokuwa hicho cha mwisho, nacho muulize muuguzi: dawa za maumivu ulizopewa baada ya upasuaji, je, zinaleta usingizi?

Kuna na jambo ambalo mama wa mtoto mmoja halimpati. Mama akilala ubavu akimnyonyesha mwanawe, mwili wenyewe humkinga: mkono uko juu ya kichwa cha mtoto, magoti yamepanda chini ya miguu yake. Wewe huna mbele mbili. Ukimgeukia kijana, binti yuko mgongoni kwako, kati yako na mtu asiyesikia kilio. Tena godoro likishabonyea katikati, na la watu wawili lazima libonyee, vitu vyepesi vyote huteremkia hapo hapo. Ule mkono uliouona haukuwa uzembe wa mumeo. Mahali penyewe hapafai.

Tuje kwa mavyaa wako, ambaye nusu ya maneno yake ni sahihi kabisa nawe umwambie hivyo. Watoto wasitengwe: walale chumba kimoja na mama, wote wawili, angalau miezi sita ya mwanzo. Hilo halina ubishi kwa madaktari wa watoto, kwa sababu kulala karibu na mama kunapunguza hatari ya kile kifo cha ghafla cha usingizini kinachowachukua watoto wazima wasio na ugonjwa. Kwa hiyo kijana kwenda ng'ambo ya pazia, hapana. Na atanyonya nini huko saa nane ya usiku?

Nusu ya pili, kwamba walale godoro moja, hapo wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2022, wanashauri kila pacha apewe mahali pake pa kulala. Uingereza wamelegeza zaidi: wanaruhusu pacha kulala kwenye kitanda kimoja cha fito, wote chali, ubavu kwa ubavu au miguu kuelekeana, mpaka mmoja aanze kujigeuza, ila wanakataza kuwaweka pamoja kwenye kikapu kidogo. Mimi kwa wako naegemea wa Marekani, na nakwambia kwa nini. Wako Lamu, orofani, kaskazi. Miili miwili iliyogusana kwenye nafasi finyu hupashana joto, na joto kupita kiasi ni miongoni mwa mambo yanayoiongeza hatari ile. Na mmoja ni mdogo kwa mwenzake kwa nusu kilo nzima; mkono wa kaka ukimwangukia usoni, huenda hana nguvu ya kuuondoa.

Basi walale karibu, kila mmoja godoro lake. Utaniambia chumba hakitoshi. Mimi naona kinatosha. Kinachokishinda ni kitanda cha dada yako, na jinsi mlivyoweka chenu.

Vyumba vya nyumba hizi vimekuwa vyembamba kwa sababu vilijengwa kufuata urefu wa boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka zaidi ya pale inapofika. Upana hauna la kufanywa. Urefu mnao. Kitanda chenu cha futi tano kwa sita ni kama sentimita 152 kwa 183. Kitoeni ukuta wa kati, mkisukume mpaka mwisho wa chumba: kichwa kiguse ukuta mfupi, ubavu wa mumeo uguse ukuta mrefu. Wewe lala ubavu wa nje. Toa 152 kwenye 260, mbele yako panabaki sentimita 108. Hapo pembeni, usawa wa kifua chako, pana nafasi ya vitanda viwili vidogo vya sentimita 45 kwa 80 vikikaa ubavu kwa ubavu. Vinachukua 90, na 18 zinabaki za kupenyeza ufagio. Ile ni pembe ya mwisho, hakuna mtu anayepita pale kwenda popote. Na kwa kuwa vina urefu wa sentimita 80 tu, kuanzia kiunoni kwako kwenda chini kitanda kiko wazi, zaidi ya mita nzima, unateremsha miguu bila kujikunja na kuuvuta mshono. Kabati lihamie ukuta wa upande wa pili, au bora litoke kabisa mpaka mwakani. Nguo za mapacha hazihitaji milango mitatu.

Lamu hamkosi maseremala. Pesa ya kitanda cha Mombasa, kama dada yako ataridhia, impe fundi wa mtaani. Mwambie hivi: vitanda viwili vilivyokamilika, si kimoja kilichogawanywa kwa taulo lililokunjwa au mto. Miguu iwe na urefu wa kulifikisha godoro la mtoto usawa wa godoro lako, usiwe unainama. Pande zipande sentimita 25 au zaidi juu ya godoro. Ziwe za fito ili hewa ipite, na upenyo kati ya fito na fito usizidi sentimita 6, maana ukizidi hapo kiwiliwili cha mtoto hupenya kichwa kikakwama. Mbao zipigwe msasa na ziachwe bila rangi. Zifungwe kwa skrubu, misumari hulegea. Ubavu wa kushuka na kupanda usiutake hata akikusifia. Marekani walivipiga marufuku vitanda vya namna hiyo mwaka 2011 kwa sababu watoto walikuwa wakibanwa. Godoro likatwe kwenye haidensiti, ile sponji ngumu, inchi 3 zinatosha, ngumu kiasi kwamba ukikandamiza kiganja kisha ukakitoa alama haibaki. Likishaingia ndani jaribu kupenyeza vidole kati yake na ubao. Viwili vikiingia kwa raha, limekatwa dogo, mrudishie.

Usione haya kwamba ni vidogo. Finland serikali inawapa mama wajawazito sanduku la vitu vya mtoto tangu 1938, na sanduku lenyewe, la karatasi ngumu, likitiwa kigodoro ndilo watoto wengi wa kule walilolalia siku zao za mwanzo. Vidogo hivi vitakufaa mpaka siku mmoja wao atakapoanza kujigeuza au kujiinua kwa mikono. Kwa kawaida ni mwezi wa nne au wa tano, na hawa wako waliozaliwa mapema huenda wakachelewa kidogo. Siku hiyo hiyo vimekwisha kazi, na ndipo utafute vikubwa, kimoja kimoja.

Kabla fundi hajamaliza je? Chukua kipande cha godoro gumu, kitandike sakafuni juu ya mkeka kwenye ile ile pembe, mbali na ukuta na mbali na pazia, shuka limekazwa chini. Walaze chali wote wawili, na nafasi kati yao. Kwa siku chache hizo tufuate Uingereza. Tundika neti juu yake uichomeke pande zote, si kwa mbu peke yao. Mji wenu una paka kuliko watu, na paka hupenda kulala penye joto. Neti ya kliniki yenye dawa haina madhara kwa mtoto mchanga. Vitanda vikija, ifunge kwenye boriti, ikae imekazwa, isining'inie karibu na nyuso.

Kile cha wifi yako mshukuru, kisha kitumie mchana wakiwa macho nawe unawatazama. Kigodoro chake ni laini na kimto hicho hakifai. Mtoto mchanga hahitaji mto, wala mdoli, wala blanketi, wala vile vigodoro vya kuzungushia pembeni. Kitanda cha mtoto kizuri kinaonekana kama cha maskini: shuka moja lililokazwa, na mtoto. Susu pia naikataa kwa hawa. Inambonyeza mtoto akakaa kama upinde, kidevu kikagusa kifua, na njia ya hewa ya mtoto wa kilo mbili si pana. Watoto wa jirani yako nadhani walizaliwa wakiwa na unene wao.

Kuhusu kifudifudi. Ni kweli hospitali huwalaza hivyo baadhi ya watoto njiti, lakini pale wauguzi wanawatazama usiku kucha, na wengine wamefungwa mashine inayopima pumzi. Nyumbani hakuna mashine. Nyumbani ni chali, usiku na mchana, kila usingizi. Uingereza walianza kuwahimiza wazazi hivyo mwaka 1991, Marekani 1994, na vifo vile vya ghafla vikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Na kupaliwa: mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na njia ya chakula chini yake, kwa hiyo maziwa yakirudi lazima yapande mlima ndipo yaingie penye hewa. Akilala kifudifudi mambo yanageuka. Mweleze mavyaa hivyo kwa utaratibu, mchoree hata kwenye karatasi. Kulala kwa tumbo wawe wanafanya wakiwa macho, juu ya kifua chako, nawe uko macho.

Na hapo hapo kifuani ndipo binti apatie joto lake. Mtoto aliyezaliwa na kilo 1.9 huhitaji joto kweli, lakini lisitoke kwenye mablanketi. Mvue abaki na nepi, mweke kati ya maziwa yako, ngozi kwa ngozi, funika mgongo wake kwa kanga, kaa naye. Anayemshika aweza kuwa babake pia. Akilala peke yake, shati moja jepesi na nepi zatosha kwa joto hili, bila kofia. Mpime nyuma ya shingo au kifuani: pakiwa na jasho, mpunguzie nguo. Viganja vya baridi visikutishe. Panka iwashwe, isiwapige moja kwa moja, na umeme ukikatika lifungue dirisha na pazia.

Sasa haya mengine hukuyauliza, lakini mimi najua arobaini ya Lamu ilivyo. Ubani na udi chumbani mwenye watoto wa wiki tatu na dirisha moja, basi. Nguo zifukizwe kwengine, zikishapoa ndipo ziingie. Dawa ya mbu ya kuchoma vivyo hivyo. Kama wamefungwa hirizi au uzi shingoni, uzi unakaza na mtoto hawezi kusema. Ivuliwe wakati wa kulala, itundikwe ukutani juu yao. Kisu cha kinga kisikae chini ya godoro la mtoto. Nyumba yenu kama ni ya zamani kweli haikosi vidaka. Kisu, Msahafu na kila kilichosomewa vikae humo, ndani ya chumba kile kile, na hakuna atakayesema watoto wameachwa wazi. Baba watoto akitoka barazani kuvuta abadilishe shati na anawe kabla ya kumshika mtoto. Akiweza kuacha, hiyo itakuwa zawadi kubwa kuliko ng'ombe wa akika.

Usiku wenyewe uupange. Watoto hawa kila saa mbili au tatu watataka kunyonya, na usipowaoanisha utakuwa unaamka kila baada ya dakika arobaini. Mmoja akiamka, mwamshe na wa pili. Nyonyesha ukiwa umeketi kitandani, mgongo ukutani, taa ndogo ikiwaka. Ukimaliza wa kwanza, mumeo ndiye amchukue, amcheulishe, amrudishe kwake chali, akukabidhi wa pili. Kazi yake ni hiyo tu, kupokea na kurudisha. Wako watakaosema arobaini haijaisha, mwanamume alale kwengine. Kama desturi ya nyumba yenu ni hiyo, nafasi kitandani itaongezeka na mkono unaouogopa utakuwa mbali. Ila mimi ningependa abaki, siku asizokwenda bahari, maana wewe peke yako usiku mzima hutaweza. Akienda, mwite mavyaa au wifi kwa kazi ile ile.

Na hapa ndipo ninapomtaka mavyaa hasa. Asipewe mtoto wa kulala naye; apewe saa zake. Baada ya sala ya alfajiri, wakishanyonya, awachukue wote wawili akae nao akiwa macho, wewe ulale mpaka saa tatu asubuhi bila mtu kukuita. Akisinzia awarudishe vitandani mwao, hilo lisemwe wazi tangu mwanzo. Saa tatu hizo za usingizi zitakulinda wewe na watoto kuliko kitanda chochote nilichokuchorea. Lakini maneno asiyaseme mwali wa nyumba. Ayaseme mwanawe. Mumeo hawezi kusema "mwachie mama" halafu akalala. Mkono ule ulikuwa wake, nawe hukumlaumu, sasa naye asimame. Amwendee mamake peke yake, amwambie: "Mama, umesema wasitengwe na hatutawatenga, watalala hivi ubavu kwa ubavu, njoo uone fundi anavyopima." Amshike mkono ampeleke mpaka kwa fundi. Mtu aliyeshirikishwa kuchagua mbao hapingi kitanda. Na siku mnapokwenda kliniki kuwapima uzito, nenda naye, umwombe muuguzi amweleze yeye jinsi ya kuwalaza. Neno likitoka kwa mwenye sare halimvunjii mtu heshima.

La mwisho, nalo halingoji fundi. Binti akikataa ziwa au akawa mlegevu hata haamki kunyonya, akipumua mbio au mbavu zikawa zinaingia ndani, akiwa wa moto au wa baridi kifuani, akigeuka rangi ya manjano, midomo ikibadilika rangi, au akitikisika kwa degedege, mpeleke hospitali saa ile ile, iwe usiku iwe mchana. Kijana naye vivyo hivyo. Wiki hii tafuteni mapema mtu mwenye boti au punda au mkokoteni wa kuwafikisha, na namba yake aishike mumeo, na wifi yako, na wewe.